Barua ya wazi kwa wanaoandaa mashindano ya uogeleaji: kombe la timu lihesabiwe upya

Kwa kamati zinazoandaa mashindano ya vilabu vya ridhaa Kisumu, Nakuru na kaunti za Magharibi. Kwa maafisa wa michezo wa kaunti. Na kwa makocha wenzangu.

Salamu za heshima kwenu nyote.

Naandika kuhusu kombe la timu. Medali za mtu mmoja mmoja hazina utata: anayegusa ukuta kwanza ndiye mshindi, na kila aliyesimama ukingoni ameona. Nazungumzia lile kombe kubwa linalotolewa jioni, watoto wakiwa wamejifunga taulo, mtangazaji akisoma jumla za pointi kuanzia klabu ya mwisho kwenda ya kwanza. Ninaloomba ni hili: kabla ya msimu ujao kuanza, tugawe vilabu katika madaraja kwa ukubwa wao, tuweke ukomo wa waogeleaji wanaoweza kuiletea klabu moja pointi katika kila mbio, na tuyaandike hayo kwenye waraka wa mashindano kabla mtu yeyote hajalipa ada ya kuingia.

Nianze na hesabu yenyewe. Katika mashindano ambayo nimepeleka watoto, wanane wa kwanza ndio hupata pointi: 9, 7, 6, 5, 4, 3, 2 na 1. Mbio za kupokezana huzidishwa mara mbili, mshindi akachukua 18, wa pili 14, na kuendelea hivyo. Kisha kila kitu kinajumlishwa, wavulana na wasichana, kuanzia watoto wa miaka minane hadi watu wazima, na mwenye jumla kubwa anabeba kombe. Mfumo huu hatukuubuni sisi. Ndio uliozoeleka Marekani kwa bwawa la leni nane, na kwa leni sita wao hutoa 7, 5, 4, 3, 2 na 1. Unafanya kazi vizuri pale timu zinapokaribiana kwa idadi. Sisi hatukaribiani hata kidogo. Klabu moja inashuka kwenye basi la shule na watoto zaidi ya hamsini, nyingine inashuka kwenye matatu moja na nafasi zimebaki.

Chukua mbio za mita 50 mtindo huru, wasichana wa miaka 11 na 12. Klabu ndogo ina msichana mmoja, naye anashinda: pointi 9. Klabu kubwa ina wasichana saba, nao wanajaza nafasi zote kuanzia ya pili hadi ya nane. Wanapata 7, 6, 5, 4, 3, 2 na 1, jumla 28. Klabu iliyoshindwa mbio imeondoka na pointi zaidi ya mara tatu ya klabu iliyoshinda. Sasa rudia hivyo kwa mitindo yote minne, kwa makundi yote ya umri, kwa wavulana na wasichana, halafu ongeza kupokezana, ambako klabu ndogo haina hata watoto wanne wa rika moja wa kujaza timu. Kufika saa sita mchana kombe limeshapata mwenyewe na makocha wote tunajua. Watoto nao wanajua, kwa sababu wanasoma karatasi za matokeo kuliko sisi.

Sina ugomvi na vilabu vikubwa. Vingi vimejengwa juu ya shule yenye bwawa lake, watoto wanaingia majini baada ya masomo karibu kila siku, kuna kocha wa wadogo na kocha wa wakubwa. Wamefanya kazi na wanastahili heshima. Sisi wa upande wa pili tunakodi saa mbili kwenye bwawa la hoteli, leni mbili zikiwa zetu na zilizobaki za wageni. Mvua ya alasiri ya Kisumu ikianza na radi, tunatoka majini wote, na muda tuliolipia haturudishiwi. Klabu yenye watoto kumi na wawili mara nyingi imefika mwisho wa leni zake, wala si kwamba kocha amelala au wazazi hawataki. Wapo watoto wa Dunga na Usoma, hapa Kisumu, wanaotamani kujiunga nasi leo, nasi hatuna maji ya kuwaweka. Kwa hiyo kombe likiamuliwa kwa idadi, kinachopimwa ni ukubwa wa bwawa ambalo klabu imeweza kulipata, na hilo halihusiani na jinsi mtoto anavyoogelea.

Dawa ya kwanza ni madaraja. Marekani, katika mashindano ya Masters, yaani ya watu wazima wa ridhaa, vilabu vimekuwa vikigawanywa kuwa vidogo, vya kati na vikubwa, kila daraja na kombe lake. Hakuna anayeona kwamba kombe la vilabu vidogo ni la huruma. Wanaogelea mbio zilezile, bwawa lilelile, siku ileile. Tofauti inaingia kwenye karatasi ya pointi tu. Kwetu pia haitagharimu zaidi ya makombe matatu ya ziada, na mafundi wa makombe mjini tunawajua.

Swali gumu ni mstari uchorwe wapi. Mkisema leo kwamba klabu ndogo ni yenye waogeleaji kumi na watano au pungufu, mimi nawaambia kitakachotokea: kocha mwenye kumi na saba atawaacha wawili nyumbani. Na hao wawili hawatakuwa wenye kasi. Watakuwa wale wa mwisho, ambao ndio walikuwa na haja kubwa zaidi ya kusafiri, kuona bwawa lingine na kujua kwamba wao pia ni sehemu ya timu. Kanuni yoyote inayompa kocha sababu ya kumwacha mtoto nyumbani ni kanuni mbaya, hata kama hesabu yake ni safi. Naomba kila pendekezo, langu na la mwingine, lipimwe kwanza kwa swali hilo.

Kwa hiyo napendekeza njia itangazwe mapema, lakini mstari wenyewe uchorwe baada ya usajili kufungwa. Kamati inapanga vilabu kwa idadi ya waogeleaji waliosajiliwa kushindana, kuanzia kidogo hadi kikubwa, halafu inatazama pale penye mapengo. Tuseme wamekuja vilabu tisa, vyenye waogeleaji 6, 8, 9, 11, 19, 22, 24, 47 na 52. Hapo hata mtoto anaona: pengo la kwanza liko kati ya 11 na 19, la pili kati ya 24 na 47. Una vilabu vinne vidogo, vitatu vya kati na viwili vikubwa. Kwa kuwa hakuna kocha aliyejua mapema mapengo yataangukia wapi, hakuna aliyepata faida kwa kumwacha mtu. Wengine wangependa tutumie orodha ya wanachama wote wa klabu mwanzoni mwa msimu, na hilo pia nalikubali, ila litahitaji mtu wa kukagua orodha hizo, na sote tunajua kazi ya ukaguzi huishia kwa nani.

Sasa nifike kwenye pendekezo ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko yote, na ambalo nalipinga kwa nguvu zangu zote: kugawanya jumla ya pointi za klabu kwa idadi ya waogeleaji wake. Wastani. Ukilisikia mara ya kwanza linaonekana ndilo haki yenyewe. Klabu ya watoto kumi inalinganishwa na klabu ya sitini kwa kila kichwa, hakuna madaraja, hakuna mistari, kikokotoo cha simu kinatosha.

Nimeshuhudia mashindano yaliyotumia wastani, upande wa Bonde la Ufa. Kamati iliamua kwa nia njema na sitaitaja. Klabu moja ilikuja na watoto wanne tu, wote wa mbele, ingawa nyumbani ina wengi zaidi ya hao. Sisi tulikuwa kumi na mmoja. Mmoja wetu alikuwa mvulana wa miaka kumi ambaye mwanzoni mwa mwaka ule alikuwa bado anaogopa kutia uso majini. Aliogelea mita 25 mtindo wa kifua peke yake kabisa, wenzake wakiwa wameshatoka na kujikausha, na akagusa ukuta kwa mikono miwili kama sheria inavyotaka, bila kushika kamba ya leni hata mara moja. Alikuwa wa mwisho. Pale ukingoni tulipiga kelele hadi sauti zikakauka.

Jioni karatasi ya matokeo ilibandikwa kwa selotepu karibu na mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo. Tulikuwa wa tatu: pointi 132 kwa waogeleaji 11, wastani 12. Waliotutangulia walikuwa na 12.6. Msichana wetu wa miaka kumi na minne alisimama pale, kidole chake kikiacha alama ya maji kwenye karatasi, akapiga hesabu kwa sauti. Mia moja thelathini na mbili gawanya kwa kumi ni kumi na tatu nukta mbili. Kisha akanigeukia. “Kocha, bila yeye tungekuwa wa pili.” Mvulana alikuwa amesimama nyuma yake, kofia ya kuogelea bado kichwani.

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amepiga hesabu na hesabu ilikuwa sahihi. Jumatatu mama wa mvulana alinijia pembeni na kuniuliza, kwa adabu kabisa, kama isingekuwa afadhali mtoto abaki nyumbani safari ijayo ili asiwapunguzie wenzake. Nilimwambia mtoto atakuja, na amekuja kila mara tangu hapo. Lakini ndugu zangu wa kamati, mama asingeuliza swali lile chini ya kanuni nyingine yoyote. Wastani unamgeuza mtoto anayejifunza kuwa mzigo, na unafanya hivyo mbele ya wenzake, kwa tarakimu. Klabu iliyoleta watoto wanne haikuvunja sheria yoyote. Ilisoma kanuni na kufanya kile ambacho kanuni ilikuwa inakiomba. Ndiyo maana nasema kanuni ndiyo ibadilike, wala tusitafute mtu wa kulaumu.

Njia bora ya kulinganisha wadogo na wakubwa, hata kwa kombe la jumla lisilo na madaraja, ni ukomo wa wafungaji. Klabu iingize watoto inaotaka katika mbio, lakini wawili wake wa kwanza kugusa ukuta ndio wailetee klabu pointi. Turudi kwenye mfano wa wasichana wa miaka 11 na 12. Klabu ndogo inabaki na 9 zake. Klabu kubwa inapata 7 na 6, jumla 13, si 28 tena. Wa tatu wao akimaliza wa nne, anaandikwa wa nne na muda wake unaingia kwenye kumbukumbu. Pointi 5 zinapita kwa mwogeleaji anayefuata kutoka klabu nyingine. Bado klabu kubwa imeongoza katika mbio hiyo, na ni sawa, kwa kuwa ina wasichana wawili wazuri. Ila tofauti ya pointi nne mtu anaweza kuikimbiza. Ya kumi na tisa, hapana.

Sisitizo langu liko kwenye maneno “wawili wa kwanza kugusa ukuta.” Yapo mashindano ambayo kocha hutaja mapema majina ya watakaofunga pointi. Hilo silipendi. Mtoto wa tatu au wa nne katika klabu kubwa anapanda kwenye jukwaa la kuanzia akijua hahesabiki. Tukiacha maji yaamue, kila mtoto wa klabu hiyo ana sababu ya kupigania nafasi, na wazazi wa vilabu vikubwa wanaokuja kuniuliza kwa nini watoto wao “wanafutwa” wapewe jibu hilo: hakuna anayefutwa. Programu za kompyuta tunazotumia kuendesha mashindano zinaruhusu kuweka ukomo huu kabla ya mbio ya kwanza, na zinahamisha pointi zenyewe. Hakuna atakayekesha na kalamu.

Uingereza wamekwenda mbali zaidi. Wana ligi ya vilabu ambamo kila klabu huingiza mwogeleaji mmoja tu kwa kila mbio, na siku inafungwa kwa mbio ya kupokezana inayochanganya watoto wa rika mbalimbali, wadogo kwa wakubwa, wavulana kwa wasichana. Kwa mashindano yetu ya wazi mmoja ni wachache mno, tungewanyima watoto wengi nafasi ya kushindana. Lakini ile mbio ya mwisho naitamani sana, na hapo ndipo nataka tubadilishe kupokezana kwetu.

Kwa sasa kupokezana kunaiadhibu klabu ndogo mara mbili. Kwanza, timu lazima iwe na watu wanne wa kundi moja la umri na jinsia moja. Mimi nina wasichana watatu wa miaka 11 na 12, kwa hiyo sina timu, hata kama wote watatu wangekuwa wa kwanza mkoani. Pili, pointi zinazidishwa mara mbili, tena klabu kubwa inaingiza timu A, B na C na zote zinafunga. Timu tatu za klabu moja zikishika nafasi za kwanza, ni 18, 14 na 12: pointi 44 katika mbio moja ambayo wengine hatukuweza hata kuingia. Naomba timu moja tu ya kila klabu ihesabiwe. B na C ziogelee, zipigiwe makofi, zipate muda wao.

Halafu tuige jambo moja kutoka kwa watu wazima. Katika kanuni za Masters za World Aquatics, shirikisho la uogeleaji la dunia, timu ya kupokezana haipangwi kwa umri wa kila mmoja. Wanajumlisha miaka ya wote wanne: 100 hadi 119, 120 hadi 159, 160 hadi 199, na kuendelea. Mzee wa miaka sitini anaweza kuogelea pamoja na kijana wa ishirini na sita, na ipo mbio ya mchanganyiko ya wanaume wawili na wanawake wawili. Kwa watoto tunaweza kuweka jumla isiyozidi miaka 48, wavulana wawili na wasichana wawili. Wa miaka 15, 13, 11 na 9 ni timu halali. Wanne wa miaka 12 pia ni timu halali. Klabu ya watoto wanane inapata timu, na kocha analazimika kufikiri: nimweke yule mkubwa mwenye kasi na kumtafutia mdogo wa kusawazisha, au nikusanye wa kati? Tena yule wa miaka tisa aliyezoea kuogelea mbio moja na kwenda kukaa, sasa timu haitimii bila yeye.

Nikiwa kwa watu wazima, kuna jambo lao ambalo lazima lirekebishwe. Tumeanza kuwaona baba na mama wakiingia majini, wengine wamejifunza ukubwani, na ni jambo la kufurahisha mno. Masters inaanza miaka 25, na makundi yanakwenda kwa miaka mitano mitano: 25 hadi 29, 30 hadi 34, hivyo hivyo hadi juu. Kwenye mashindano ya dunia yenye maelfu ya watu makundi hayo hujaa. Kwetu, mita 100 kipepeo wanaume wa miaka 45 hadi 49 inaweza kuwa na mtu mmoja. Anaogelea peke yake, anamaliza, anailetea klabu pointi 9, sawasawa na msichana aliyewashinda wenzake kumi na tisa asubuhi ile. Hiyo ni kuhesabu omena, yaani dagaa, na mbuta, samaki mkubwa wa ziwani, kwa vichwa. Na ikishajulikana, klabu inaanza kutafuta mbio tupu za kuvunia, ikimwandikisha mtu mmoja katika mbio nne ambazo hakuna mwingine.

Simlaumu yule baba, na medali yake apewe, maana kipepeo ya mita 100 katika umri huo si mchezo. Nasema pointi za timu zifuate idadi ya walioshindana. Kwenye mbio yenye watu wawili, wa kwanza apate 2 na wa pili 1. Kwenye mbio yenye watano, ziwe 5, 4, 3, 2 na 1. Wakifika wanane au zaidi, ndipo tutumie 9 kushuka chini. Au tuunganishe makundi ya watu wazima yawe ya miaka kumi kumi kwa ajili ya pointi tu, huku medali zikibaki za miaka mitano. Yote mawili yanafanyika, na kanuni hiyohiyo ya idadi itumike kwa watoto pia, kwa sababu mita 200 kipepeo ya wasichana nayo mara nyingi ni tupu.

Wapo wenzangu wanaosema tuachane na nafasi kabisa na tutumie pointi za World Aquatics, zile za zamani za FINA, jina la awali la shirikisho hilo. Kila muda unageuzwa kuwa pointi: unachukua muda wa msingi, ambao unatokana na rekodi ya dunia, unaugawanya kwa muda wa mwogeleaji, jibu unaliweka kwenye kipeo cha tatu (jibu mara jibu mara jibu), kisha unazidisha mara 1,000. Ni kipimo kizuri cha kulinganisha mwogeleaji wa mita 50 na wa mita 400, au kumchagua mwogeleaji bora wa mashindano. Lakini tazama kinachotokea kwa watoto wetu. Rekodi ya wanawake ya mita 50 mtindo huru kwenye bwawa la mita 50 ni sekunde 23.61, iliyowekwa na Sarah Sjöström wa Uswidi mwaka 2023. Msichana anayeogelea kwa sekunde 47.22, mara mbili ya hapo, anapata pointi 125. Akijitahidi msimu mzima na kupunguza sekunde mbili nzima, anapata 142. Ameongeza 17. Mwenzake wa sekunde 27.00 ana 668, na akipunguza sekunde moja tu anafika 748, ameongeza 80. Kwa kocha anayetaka kumtafuta mtu wa kwenda Olimpiki, hiyo ni sawa, kwani kupunguza sekunde ukiwa juu ni kazi ngumu kweli. Kwa kombe la vilabu vya ridhaa, ni kusema kwamba kazi ya yule wa chini karibu haipo. Klabu yenye nyota mmoja itawapita wengine kumi waliofundisha watoto kutoka mwanzo. Nyota tunawathamini, Jason Dunford alipomaliza wa tano katika mita 100 kipepeo Beijing mwaka 2008, Kenya nzima ilijua kwamba inawezekana. Ila kombe la timu linatafuta jibu la swali lingine.

Jambo la kuazima waogeleaji nitalisema kwa ufupi kwa sababu linauma. Wiki mbili kabla ya mashindano makubwa, majina yanahama. Mtoto aliyefundishwa Kakamega tangu akiwa haelei, anaonekana na kofia ya klabu nyingine, na baada ya mashindano anarudi kwa kocha wake wa kwanza. Mzazi ana haki ya kumhamisha mtoto wake wakati wowote na hakuna wa kumzuia. Marekani kwa miaka mingi waliweka kanuni kwamba mwogeleaji aliyehama anashindana bila klabu kwa siku 120 tangu alipoogelea kwa klabu yake ya zamani mara ya mwisho: anaogelea, anapata medali, ila haleti pointi kwa yeyote na hayumo kwenye kupokezana. Sisi tuchukue hata nusu ya muda huo. Kuhama kutabaki, kwa wanaohama kweli.

Kuna mambo madogo ambayo naamini hayana ubishi. Wawili wakigusa pamoja, pointi za nafasi zao mbili zijumlishwe na kugawanywa sawa: wakilingana wa kwanza, 9 na 7 ni 16, kila mmoja 8. Jumla za pointi zibandikwe kila baada ya kipindi, asubuhi na alasiri, badala ya kusubiri jioni, ili kosa la kuandika lionekane wakati bado kuna mtu wa kulirekebisha. Na watoto wenye ulemavu wanaoogelea katika madaraja ya S1 hadi S14 wahesabiwe kwenye klabu zao. Nimeona mtoto akishangiliwa na bwawa zima, medali akavalishwa, halafu kwenye karatasi ya timu jina lake halipo popote. Pointi zake ziingie kwa kanuni ileile ya idadi ya walioshindana kama kila mtu.

Najua mtauliza: na kombe kubwa je, lile la jumla, tuliondoe? Hapana. Libaki, na vilabu vyote viligombanie, lakini kwa ukomo wa wafungaji wawili na timu moja ya kupokezana. Naamini klabu kubwa itaendelea kulibeba miaka mingi, na itakuwa imelibeba kwa waogeleaji wake bora dhidi ya bora wetu. Chini yake ziwepo zawadi za madaraja matatu. Mkiwa na nafasi ya zawadi moja zaidi, ipeni klabu ambayo sehemu kubwa ya mbio zake zimeisha kwa watoto kuvunja rekodi zao wenyewe, zikilinganishwa na muda uliopatikana kwenye mashindano rasmi pekee. Muda ambao kocha ameuandika mwenyewe kwenye fomu usihesabiwe, maana tukiukubali kila mtoto atakuja na muda wa kobe na kuondoka bingwa.

Ninachowaomba sasa ni cha kazi. Makocha wa Kisumu, Nakuru, Eldoret, Kakamega na wengine wote tuitwe kikao kimoja kabla kalenda ya mwaka ujao haijachapishwa, tuletewe kanuni za pointi kama rasimu, tuzipitie, tupige kura. Nipeni matokeo ya mashindano mawili au matatu ya msimu uliopita, mafaili yenyewe kutoka kwenye kompyuta ya meza ya matokeo, nami nitayahesabu upya kwa kanuni zote nne: ya sasa, ya wastani, ya ukomo wa wafungaji wawili, na ya ukomo pamoja na madaraja. Kila kocha ataona klabu yake ingekuwa wapi chini ya kila moja kabla hajapiga kura. Wale mnaopinga niliyoandika, njooni na hesabu zenu pia, tuziweke mezani pamoja.

Nasubiri tarehe ya kikao.

Wenu katika mchezo,
Kocha wa klabu ndogo ya uogeleaji, Kisumu